Mtambaaji wa Sebuleni kwa Baba

Ofisini kwetu Remera, mtu akitaka kumpelekea mpenda maua zawadi, huniuliza mimi kwanza. Wananiona mtaalamu kwa sababu meza yangu imejaa vyungu hadi sina pa kuweka kalamu. Nami, kwa kuwa sifa hunilevya upesi, huwakalisha chini na kuwauliza maswali yangu matatu. Dirisha lake linatazama wapi? Yeye ni wa kumwagilia kila siku au ni wa kusahau? Na je, nyumbani kuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni? Wakishanijibu nawatajia mmea, na mara nyingi sikosei.

Wasichojua ni kwamba yuko mpenda maua mmoja niliyetamani kumpatia kuliko wote, na kwa miaka mitatu kila nilichompelekea hakikumgusa. Huyo ni baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani. Anakaa Gitega, katika nyumba ileile nilimokulia, ambayo ukikohoa jirani anakujibu pole. Siku hizi cherehani yake imefunikwa kitambaa kwa sababu macho yamegoma kutunga uzi, lakini enzi zile ililia barazani tangu asubuhi, na sisi tuliokuwa ndani tulijua kwa mlio tu kama anashona suruali au gauni.

Sebuleni tulikuwa na mtambaaji. Ni mmea ambao leo unauzwa kila mahali, majani yake mapana yana madoa ya njano, na mwili wake ni kamba tupu isiyojua kusimama. Mama alikuja nao siku ya harusi, kijiti kimoja ndani ya chupa ya jemu. Baba alipoona unarefuka akapigilia misumari ukutani, akauelekeza juu ya mlango, ukapita juu ya dirisha, ukazunguka saa ya ukutani, ukarudi mlangoni. Nilipoanza shule ulikuwa umemaliza mzunguko wa kwanza wa chumba.

Siku niliyozaliwa, baba alirudi kutoka hospitali akiwa na furaha asiyojua aiweke wapi. Akachomoa uzi wa njano uliokuwa kwenye cherehani, akapanda kiti, akaufunga kwenye ncha ya mtambaaji, pale penye jani ambalo lilikuwa bado halijafunguka. Njano ikawa rangi yangu. Kaka yangu mdogo alipozaliwa akapewa bluu. Kuanzia hapo, siku yoyote iliyostahili kukumbukwa ilifungiwa uzi mahali mmea ulipokuwa umefika: nilipoanza shule, kaka alipotahiriwa, nilipopata kazi, nilipoolewa. Mmea ukaendelea kukua na kuacha nyuzi nyuma, na sisi tukiwa watoto tulisimama chini tukishindana kutafuta za kwetu. Kaka alikuwa akilia kwamba zangu ni nyingi. Ningetoa kitu kikubwa leo kukisikia tena kilio kile.

Uzi mweupe ulikuwa wa kuagana. Bibi alipofariki, baba alifunga mweupe. Mama alipofariki alifunga mwingine, kisha akabaki amesimama juu ya kiti, mkono bado umeshika jani.

"Majani ya kuanzia hapa haimujui mama yenu," alisema.

Sasa niseme nilichofanya. Idi ilikuwa inakaribia na baba alikwenda Kabuga kukaa wiki moja kwa kaka. Tukakubaliana tumpakie sebule rangi akiwa huko, iwe zawadi. Mimi ndiye niliyesimamia. Fundi wa rangi alifika, akautazama ule mtambaaji uliokuwa umeshikana na ukuta kwa vijizizi vyake, akakuna kichwa.

"Mama, hii kitu iko imegandana. Kuitoa nzima itachukua siku mbili."

Nikatazama saa. Nikachukua mkasi wa baba wa kukatia vitambaa, nikaukata mtambaaji karibu na chungu, ukabaki mfupi kama kiganja. Nilimwambia fundi avute kamba yote iliyobaki, maana mmea wa aina hii huota upesi. Ni kweli huota upesi. Ni jambo ninalolijua vizuri na ndilo lililoniponza.

Sitajificha nyuma ya vumbi. Ni kweli nyuzi zilikuwa zimechakaa na kujaa vumbi, ukiwa chini huwezi kuziona, na miaka ilikuwa imepita bila sisi kuzitafuta. Lakini nilijua zipo. Nilikuwa na haraka, na nilitaka ukuta mzuri.

Baba alirudi akavua viatu, akaingia, akazungusha macho sebule nzima. Rangi ilikuwa ya maziwa, inang'aa. Alitazama juu ya mlango, juu ya dirisha, kandokando ya saa.

"Rangi iko mzuri," alisema. "Mumefanya kazi." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia miwani yake, "Na nyuzi?"

Nilikimbia nyuma ya nyumba, nikakumbuka kwamba lori la takataka lilikuwa limepita asubuhi. Nikarudi nikasimama mbele yake na, Mungu anisamehe, nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia utaota tena, Baba, ni mmea wa kuota haraka.

"Yego, ndiyo," alinijibu. "Utaota."

Hakugomba. Laiti angegomba. Alikwenda kutawadha akaswali, akatoka, akaniuliza habari za wanangu. Siku iliyofuata kile chungu hakikuwapo nje nilipokiacha. Nikadhani amekitupa, na sikuthubutu kuuliza.

Ndipo zawadi zilipoanza. Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa mtupu, tena mchafu. Kila Ijumaa nilipita kwenye bustani za miche kando ya barabara ya Kabuga, pale mimea inapopangwa chini ndani ya viriba vyeusi, nikachagua kwa uangalifu kuliko ninavyochagua viatu. Muuzaji alishanizoea.

"Huyo muzee wako anapenda maua gani?" aliniuliza siku moja.

Nikaanza kumjibu kwa maswali yangu matatu. Dirisha linatazama mashariki. Ni wa kumwagilia kila siku. Mtoto mdogo hakuna. Akanikatiza.

"Sikuuliza nyumba iko namna gani. Nimeuliza yeye anapenda nini."

Nikanunua okidi kwa hasira. Niliipakata kwenye pikipiki hadi Gitega, dereva akienda polepole kama aliyebeba mgonjwa. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza, akakaa akaitazama.

"Huyu bibi harusi," alisema. "Atanikalia na make-up yake wiki mbili, halafu atanuna."

Ijumaa iliyofuata niliikuta kwa jirani muuza sambusa, imewekwa karibu na karai. Nilipompelekea ule wa majani yaliyosimama wima, akauita askari na kuupa zamu mlangoni kwa imamu. Kakti ilikwenda kwa kinyozi. Kila mmea aliushukuru kwa maneno mazuri, na kila mmea ulihama. Mtaa ule sasa unapendeza kwa sababu ya dhambi yangu, na watu wakiniona napita na chungu wananisalimia kwa bashasha, kila mmoja akipiga hesabu safari hii zamu ni ya nani.

Niliumia. Nilianza kumkasirikia yeye, kama afanyavyo mkosaji aliyechoka kuomba radhi. Moyoni nilisema, mzee huyu ananiadhibu kwa upole wake.

Ijumaa moja nilimpelekea kangaga, laini, majani yake kama manyoya. Baba alikuwa msikitini. Kangaga halitaki jua kali, hivyo nilifikiria dirisha la chumbani kwake, lililo upande wa kivuli. Chumba hicho huwa siingii tangu mama afariki. Nilisogeza pazia nipate nafasi, nikakikuta chungu cha mtambaaji.

Kile kisiki kilikuwa hai. Pembeni, taratibu kwa kukaa kivulini, kilikuwa kimetoa chipukizi lenye majani manne, na chenyewe, toka chini hadi juu, kilikuwa kimefungwa nyuzi. Zilibanana hadi gome halionekani. Niliketi kitandani nikakipakata nikaanza kusoma. Njano, nilipozaliwa. Bluu, kaka. Njano ya shule. Bluu ya tohara. Mweupe, bibi. Njano ya kazi, njano ya harusi. Mweupe, mama. Zilikuwa kwa mpangilio wake, hata zile nilizokuwa nimezisahau mimi mwenyewe. Mafundo mengine yalikuwa yamekaa vibaya, yamerudiwarudiwa, na nikakumbuka kwamba aliyeyafunga ni mtu ambaye macho yake hayawezi tena kutunga sindano.

Kwenye chipukizi, chini ya jani la kwanza, palikuwa na uzi wa njano ambao sikuujua.

Baba aliingia akiwa bado amevaa kofia yake. Aliniona, akaketi upande wa pili wa kitanda.

"Umekikuta," alisema.

"Baba, umezikumbukaje zote?"

"Si nilizifunga mimi?"

"Na hii ya mwisho? Mbona ni yangu?"

"Hiyo ni ile siku ya rangi."

Nikamwambia siku ile nilimkosea. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Miaka mitatu nilikuwa nikilifungia ndani ya vyungu.

"Ulinikosea, ndiyo," alisema. "Nilikasirika sana. Hata Idi sikula vizuri. Lakini iko siku yako, mwanangu. Ulitaka niiache?"

Nililia kama nilivyokuwa nikilia nikiwa mdogo, kwa kwikwi na makamasi. Akanyoosha mkono akakichukua chungu kutoka mapajani mwangu.

"Lete huku, sha, mwanangu. Utaimwagia chumvi."

Tulikunywa chai. Alinisimulia jinsi mama alivyokishika kile kijiti cha harusi safari nzima, hata wakati wa kula, na ndugu zake wakamcheka kwamba ameolewa na chupa. Hadithi hiyo nilikuwa sijaisikia. Nilipoinuka kuaga alinitazama, akatazama kangaga.

"Hayo maua usilete tena. Majirani wameshiba. Ukitaka kuniletea kitu, leta uzi. Rangi nyingi ziko zinakwisha. Na mweupe umekwisha kabisa, wa mwisho nimeutumia kwa mama yenu."

Sikumuuliza mweupe ni wa kumuaga nani. Mimi na kaka tuna rangi zetu. Alisema kwa wepesi, kama anayeagiza sukari, lakini alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, akasema nisichelewe kuuleta.

Kwa hiyo sasa nimekuwa mtu wa nyuzi. Sipiti tena kwenye bustani za miche isipokuwa kwa ajili ya wenzangu wa ofisini, na nikiwauliza maswali yangu siku hizi ninaanza na la muuzaji yule. Baba nimempelekea njano na bluu, nikampelekea kijani kwa mtoto wangu wa kwanza na zambarau kwa wa pili, maana naye aliona ni aibu wajukuu kukosa rangi. Mtambaaji umerudi sebuleni na umeshafika kwenye msumari wa kwanza. Niliupigilia mimi, juu ya ile rangi ya maziwa.

Kila Ijumaa hufungua mfuko wangu, anazisogeza nyuzi karibu na macho moja moja, kisha huuliza kama nimekumbuka mweupe. Namwambia nimeutafuta, Baba, madukani haupo. Naye, aliyenunua uzi katika maduka hayohayo miaka arobaini, anafunga mfuko na kunitazama.

"Basi," ananiambia, "labda wiki ijayo."