Vidonge Nilivyompelekea Mama

Miaka ile ya dhiki, rafu za duka la kijiji zilipobaki na vumbi tu, mama yangu aliumwa kama watu wengine wanavyoumwa. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu baadaye alinyang'anywa hata haki hiyo. Zahanati walimwambia dawa hakuna, hata aspirini, aende akapumzike. Basi alirudi nyumbani Buswahili, akajifukiza majani ya mwarobaini, akalala. Shangazi, dada yake baba, alichukua jembe la mama bila maneno, na baba alikula ugali ulioungua bila maneno pia. Siku ya tatu au ya nne homa ilimwachia, akainuka. Nilichukia kumwona amelala hivyo. Niliona ni umaskini.

Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Nilikuwa nimepata kazi Musoma, nimepanga chumba mtaa wa Kamunyonge, na ghafla kila kibanda kilijaa sabuni, mafuta na aspirini, mzigo wa kuvuka mpaka wa Sirari kutoka Kenya. Muuzaji hakukuuliza unaumwa nini. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mama vidonge, na nakiri nilijisikia mtu. Alivifunga kwenye pindo la kanga.

Baba aliniambia mama siku hizi haumwi kabisa. Uongo. Alikuwa anaumwa, ila hakuwa na ruhusa. Niliona kwa macho yangu, msimu wa kuchuma pamba. Asubuhi mama alishika kiuno, akasema mwili unachemka, angelala kidogo. Baba alikuwa na gunia begani.

"Dawa si ipo?" alisema. "Meza, twende."

Akameza viwili kwa maji ya mtungi, kabla ya chai, kabla ya chochote, akatangulia shambani. Shangazi naye aliacha kumpokea kazi. Ya nini, wakati dawa ipo? Na mimi, msomi wa familia, nilifurahi kuona dawa yangu inafanya kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba anayekileta anaweza kuwa mwanao.

Tumbo lilianza kumchoma, akaficha. Choo kikawa cheusi kama lami, akaficha pia. Siku alipotapika damu tulimpakia kwenye gari la pamba hadi hospitali Musoma. Daktari aliuliza amekuwa akimeza nini. Baba akamtajia aspirini, kila siku, mwaka wa pili sasa. Daktari akauliza ni nani alikuwa akimpa.

"Huyu hapa," baba alisema, akinishika bega kwa fahari. "Hajamkoseshaga dawa hata mwezi mmoja."

Mama alikufa Alhamisi ya wiki hiyo. Sikumlilia inavyopasa. Nilikuwa na hasira nyingi mno, na sikujua nianze na nani, baba au mimi.

Mwaka haukuisha, baba akashikwa na mgongo. Nilipofika nilimkuta amejilaza mchana kweupe, shangazi anamkorogea uji jikoni. Shangazi alikuwa amemtafutia vidonge viwili, lakini baba aligeuza uso ukutani.

"Hizo zinaharibu tumbo," alisema. "Mtu akiumwa anatakiwa apumzike."

Akapumzika siku nne. Uji nilimpelekea mimi.