Kichwa cha Samaki kwa Tang

Namutebi alitoka Masaka akafungua mgahawa wa mabati huko Gumbo, ng'ambo ya mto kutoka mjini, kando ya barabara ya Nimule, akiuza matoke na maharage. Tang, Mchina fundi wa malori kutoka Hunan, alianza kama mteja. Mwaka wa pili walikuwa wakiishi nyumba moja.

Kilichomkosesha Tang raha ni chakula. Mara kwa mara walivuka daraja kwenda kwenye mikahawa ya Kichina ya mtaa wa Thongpiny mjini, na kila mara waliletewa kuku aliyezama katika mchuzi wa sukari. Tang alikula kidogo tu.

"Hii chakula ya wageni," alimwambia siku moja. "Kwetu pilipili iko kali, iko chachu. Mama yangu naweka kwa chupa kubwa."

"Basi mpigie. Anifundishe mimi."

Ikawa kila Jumapili baada ya kanisa kikongwe yule anatokea kwenye simu, Tang akitafsiri. Alimwelekeza Namutebi kukatakata pilipili nyekundu, kuzitia chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, kuzifunga ndani ya chupa na kusubiri. Chupa mbili za kwanza ziliota ukungu. Kikongwe alicheka hadi akakohoa, akasema kisu kilikuwa na maji. Namutebi alifiwa na mama akiwa na miaka sita. Hakuna aliyewahi kumfundisha jikoni kwa subira namna hiyo.

Chupa ya tatu ilikubali. Akanunua kichwa cha sangara kwa wavuvi wa Rejaf, akakifunika kwa zile pilipili, akakipika kwa mvuke. Tang alionja, akaweka kijiko chini. Jasho na machozi vilimtoka pamoja. Kwenye simu mama yake akasema jambo.

"Anasema wewe pia kula," Tang akatafsiri. "Anasema umekonda."

Mwezi wa Machi kikongwe alianguka. Tang akapanda ndege, akiahidi kurudi baada ya wiki tatu. Kila siku Namutebi alimtumia kikongwe salamu kupitia simu ya Tang. Majibu yakawa mafupi, kisha yakakoma. Mwezi wa Juni ukaja ujumbe wa sauti: "Namutebi, Mama alikufa Aprili. Baba iko peke yake. Ndugu wamekataa mimi rudi. Samahani."

Aliusikiliza akiwa amesimama mbele ya wateja. Jirani yake Adhel akamwondolea sufuria mkononi, akamkalisha.

"Huyo mwanamume asikuumize hivi," Adhel akasema.

"Tang ni mtu mzima, amechagua. Lakini mama yake amezikwa miezi miwili sasa, Adhel, na mimi bado ninamtumia salamu. Na jina lake sikuwahi kuuliza. Nilimwita Mama tu."

Alifunga mgahawa siku tatu. Majirani walikuja kuketi naye, kama wanavyoketi na aliyefiwa na mzazi. Walipotaka kumwombea marehemu, hakuna aliyejua wamtaje kwa jina gani.