Maharagwe ya Shujaa wa Ngwatio

Muuza mbuzi alipiga miayo, na hapo ndipo nilipojua meza yetu inakufa.

Nieleze kwanza hiyo meza, maana mama yangu mpaka leo anadhani tunacheza kamari. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana chumba cha nyuma cha duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Ruring'u, katikati ya makopo ya rangi na katoni za misumari. Tuko wanne. Mwalimu wa kemia ndiye msimulizi. Yeye hutuletea mapango, majitu na wafalme wabaya. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na dadu ndizo zinazoamua kama pigo limepata au limekosa. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, ni mchawi, ingawa mbele ya padri anasema ni msomi. Mimi ni mwizi, tena mwizi hodari, Mungu anisamehe. Na muuza mbuzi, anayetoka Nanyuki kila Jumapili kuja kucheza nasi, alikuwa mpiganaji wa upanga.

Mwanzoni alipigana kama simba. Lakini mchezo huu una tabia yake: kadiri watu wetu wanavyopanda daraja, mchawi anazidi kuwa mkali, naye mpiganaji anabaki palepale. Anapiga mmoja, anangoja. Anapiga mmoja, anangoja. Jumapili hiyo wifi alitamka neno moja akachoma genge zima la majambazi kabla zamu ya muuza mbuzi haijafika.

"Wallahi, dada," akaniambia huku akivaa koti, "natoka Nanyuki kuja kutazama huyu mama akichoma watu? Kutazama, si nitazame mbuzi zangu nyumbani. Jumapili ijayo msiningoje."

Mwalimu alisema wazi kwamba tukibaki watatu hakuna mchezo. Nilikasirika, kisha nikaogopa. Wiki nzima watu wananiuliza bei ya saruji na kuniambia iko juu. Kwenye ile meza hakuna mtu ananiuliza bei ya kitu. Sikuwa tayari kuipoteza hata kidogo, kwa hivyo nikamkimbilia mpaka nje.

"Rudi mara moja tu," nikamwambia. "Nitakuundia shujaa mpya. Akikuchosha, sitakusumbua tena."

"Wewe? Wa misumari?"

"Mimi wa misumari."

Akacheka. "Haya. Mara moja."

Shujaa wangu wa kwanza nilimpa kila kitu: mapigo matatu kwa zamu, ngao isiyotoboka, ngozi ya kifaru. Mwalimu akaja kumjaribu pale kaunta. Yule shujaa alimaliza joka zima kabla chai haijapoa.

"Madam, huyu si shujaa, huyu ni trekta," mwalimu akasema. "Sasa wifi yako afanye nini, ashike mkoba?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimeitoa tu ile miayo kiti kimoja nikaipeleka kingine.

Katikati ya wiki nilienda kwa mama, Kangema, kwa sababu ilikuwa zamu yake ya ngwatio. Asiyeijua ngwatio, ni hivi: leo tunalima kwako, siku nyingine kwangu, nyingine kwa jirani. Mwenye shamba anapika, na hakuna anayelipwa. Nilikuwa kwenye mstari na majirani, tunalima shamba la viazi, nikasimama ghafla na jembe likiwa juu. Shujaa wa ngwatio! Asipigane peke yake. Zamu yake ikifika, awaite wenzake wote wapige pamoja naye, halafu alipe deni kwa kumwachia kila mmoja zamu yake moja.

"Ati umechoka tayari?" mama akaniita kutoka mwisho wa mstari. "Hiyo duka imekuharibu."

Mwalimu alipiga hesabu akaridhika: vita vikiisha, hakuna aliyepata zaidi ya mwenzake. Nikajiona mimi ndimi mimi. Tukampa wifi amjaribu yule shujaa. Akapigana, akapigwa, akapondwa mpaka akalala chini, na hakutuita hata mara moja.

"Sasa mbona hukutuita?"

"Nitaanzaje kusumbua watu na niko na mikono yangu?"

Mwalimu akajaribu, yaleyale. Nikajaribu mimi mwenyewe niliyeitunga hiyo kanuni, nikashindwa! Ulimi ulikataa. Sisi watatu tumelelewa kwenye hivi vilima, na nani kati yetu ataita watu shambani kwake kabla hajalima kwa mtu yeyote? Mtu kama huyo tungemsema mpaka mlangoni mwa kanisa. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, ila watu wa kuitumia hawakuwa sisi.

Mkono mtupu haulambwi. Nikaigeuza kanuni: shujaa aanze kwa kutoa. Asimame kando ya mchawi, moto wa mchawi uongezeke. Amkinge mwizi, mwizi apenye. Kila anayesaidiwa aweke punje moja ya maharagwe mbele ya shujaa. Siku shujaa akitaka, anamrudishia mtu punje yake na mtu huyo lazima aje kupiga pamoja naye.

"Na akijaza gunia?" mwalimu akauliza. "Haba na haba hujaza kibaba."

"Wenzake wakilala usingizi ndani ya hadithi, maharagwe yamepikwa yakaisha, hakuna deni tena."

Mwalimu akatafuta kosa, akalikosa.

Jumapili muuza mbuzi akaja, mikono imekunjwa kifuani. Mwalimu alituletea jitu la barafu. Mara ya kwanza muuza mbuzi alimsaidia wifi kama mtu anayeonja dawa. Moto ukapaa.

"Eh! Ndugu yangu, simama hapo hapo!" wifi akapiga kelele.

Mikono ikakunjuka. Akanikinga mimi, akarudi kwa wifi, akawa anabishana nasi nani ana shida zaidi, na punje zikaongezeka mbele yake. Kisha jitu likamgeukia wifi, naye uhai wake ulikuwa umebaki kidogo tu. Muuza mbuzi alikuwa na punje za kutuita sote wawili. Tukamngoja aite. Hakuita. Akaweka ngao mbele ya wifi.

Dadu ya mwalimu ikaviringika ikatua vibaya. Shujaa akafa. Kwa msaada wake wa mwisho moto wa wifi ukaongezeka, na jitu likaanguka juu ya maiti ya shujaa.

Nimemwita mtu kutoka Nanyuki mara moja tu, na nimemuulia shujaa wake.

Yeye alikuwa anatazama maharagwe. "Kanuni yako inasema nini juu ya mali ya marehemu?"

Haikusema kitu. Sikuwa nimefikiria kifo.

"Kwetu," wifi akasema polepole, "mtu akifa kabla hatujalima kwake, tunalima kwa watoto wake."

Muuza mbuzi akainua kichwa. "Basi huyu ana binti. Na nyinyi, huko kwenye hadithi, mmelala?"

Mwalimu akatazama saa. Tulikuwa tunafunga, na jitu bado lilikuwa linatoa mvuke. "Hawajalala," akasema.

Muuza mbuzi akazifunga punje zote kwenye leso yake, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda zake bila kusema atarudi wala hatarudi.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani mbio, sikungoja hata matangazo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka, leso iko mkononi.

"Mmelala?" akauliza.

"Bado," nikamwambia, nikatafuta funguo.