Ng'ombe Wasio na Mama

Baba yangu alianza kwa kumsahau jirani, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka kanisani. Tukajifariji kwamba ni uzee tu. Lakini ng'ombe wake wa kwetu Masisi, walioporwa kabla hatujakimbilia mjini, mtaa wa Ndosho, aliwakumbuka wote. Jioni aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayotumalizia viatu, akawataja mmoja mmoja pamoja na mama yake: Gaju binti wa Bihogo, na wenzake, mpaka chakula kiive. Kwetu ng'ombe hutajwa hivyo. Asiyejulikana mama yake ni wa kuokota.

Siku alipokwama kwa mama wa Gaju, alilia. Hata ng'ombe walipochukuliwa sikumwona akilia. Niliumia, nikaamua kuwaweka wote kwenye kompyuta kabla hawajamtoka, ili akisahau nimsomee. Mama yangu, aliyewasikia kila jioni ya ndoa yake, ndiye aliyenijazia mapengo.

Nilikuwa nasomea kuandika programu, na somo letu wakati huo lilikuwa urithi. Unaandika klasi mzazi, yaani kiolezo cha kitu na sifa zake, chini yake klasi mtoto. Mtoto hupata sifa zote za mzazi bila kuandikiwa tena, kisha unamwongezea zile zake mwenyewe. Nikaandika klasi ya mnyama, yenye jina, rangi na mama, pamoja na maagizo ya kumtaja. Chini yake nikaandika klasi ya ng'ombe, nikampa pembe na maziwa. Halafu nikampa mama.

Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba sifa ya juu hairudiwi chini, lakini mkono wangu ulikataa. Mbuzi aweza kuishi bila kutajiwa mama. Ng'ombe! Nani kwetu angemwandika ng'ombe asimwandike na mama yake papo hapo?

Nilipowasoma mbele ya baba, mashine ilitoa majina yote na rangi zote, na penye mama haikutoa kitu. Gaju, binti wa hakuna. Nikapitisha wa pili, wa tatu, hali ile ile. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto yangu, hizi ngombe zote hazina mama?"

"Ziko nazo, papa. Ni mashine imekosea."

"Haziko zangu. Ni za kuokota hizi."

Akageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo hakuwataja tena jioni, na ule ukimya wa uani ulinikera kuliko kelele zote za Ndosho.

Nilihangaika na programu hiyo majuma kadhaa, mimi na kiburi changu, ndipo nikampelekea mwalimu. Hakunilaumu. Aliiamuru mashine itaje kwanza sifa ambazo klasi ya ng'ombe imejiandikia yenyewe, kisha ipande juu itaje zile ilizorithi. Sifa ya mama ikatokea mara mbili, chini na juu.

"Hii ya juu ulikuwa nayo tayari," akasema. "Sababu gani unaiandika tena? Majina ya mama umeyaweka kwa hii ya chini. Maagizo ya kutaja yako juu, yanaangalia ile ya juu, na ile iko bure, haina kitu."

Nikafuta mstari mmoja, nikaelekeza majina yaende juu. Mama wote wakarudi. Walikuwamo muda wote, nimewafunika mwenyewe. Nilipanda pikipiki hadi nyumbani, kompyuta nimeikumbatia kifuani, nikicheka peke yangu.

Baba alikuwa uani. Mama yangu alikuwa mlangoni akichagua maharage. Nikasoma polepole: Gaju, binti wa Bihogo. Bihogo, na mama yake. Wote, bila pengo. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Ni ngombe nzuri," akasema. "Ni za nani?"

"Ni zako, papa."

Akacheka kidogo. "Miye? Miye sina ngombe." Kisha akanitazama vizuri, kama anavyotazamwa mtu aliyeingia na habari njema. "Na weye, mama yako ni nani?"

Nikamwonyesha mlangoni. "Ni huyu, papa."

Baba akajiinua kitini kwa shida, akamsalimu kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima, akamuuliza kama amefika salama.

"Nimefika salama, muzee," mama akamjibu, na akaendelea kuchagua maharage.