Mbuzi Aliyeshika Sharubu za Nahodha

Stoo yangu hapa Ujiji haikujengwa kwa ajili ya muziki. Ilijengwa kwa ajili ya dagaa, na harufu yake inakwambia hivyo kabla hujafungua mlango. Lakini mjukuu wangu wa kike aliingia humo siku moja, akapiga makofi, akatega sikio, akasema, "Bibi, humu hamna mwangwi. Magunia yanameza sauti."

Nikamwambia magunia yangu hayajawahi kumeza kitu, wanaomeza ni panya. Hakunisikia. Alikwishaanza kuyasukuma kuelekea ukutani.

Mjukuu huyo ndiye ninayeishi naye. Alisomea Dar es Salaam, akarudi nilipoumia goti, goti likapona, yeye akabaki. Kazi yake ni kutia muziki kwenye katuni za watoto. Zamani mtu akinieleza kazi ya namna hiyo ningemshika paji la uso nione kama ana homa. Anatumiwa picha kwenye kompyuta, sungura anakimbia, fisi anaanguka, sauti hakuna hata chembe. Yeye anakaa mbele ya kinanda kidogo anatia. Na kinanda chenyewe hakina sauti yake. Kipo kama mfuko, kimejazwa sauti za vyombo vya watu wengine, waliopiga huko kwao, wakarekodiwa, wakaenda zao kula. Anabonyeza kidole, inatoka fidla. Anabonyeza kingine, tarumbeta. Ngoma ya ukoo mzima inatoka kwenye kidole cha msichana ambaye hawezi kutwanga kisamvu bila kupumzika.

Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka. Bibi na mjukuu ni watani. Mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiita bi mkubwa, na marehemu babu yake huko aliko anajua mwenyewe alimpenda nani.

Sasa siku moja nikamkuta hacheki. Bosi wake wa Dar alikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa juu ya meza. Mimi nilikuwa nafagia chini ya meza hiyo hiyo. Palikuwa safi, lakini niliendelea kufagia.

Walikuwa wanazungumzia katuni ya mbuzi. Mbuzi huyo amepakia ndizi kwenye boti, anavuka ziwa kwenda kuziuza, na njiani anaziiba mwenyewe. Anageuka kulia, anageuka kushoto, anakula. Akiona hakuna aliyemwona, anakula tena.

"Kila kitu kipo mahali pake," bosi alisema, "lakini muziki umelala. Simsikii mtu ndani yake. Hebu changanya na wapigaji wa kweli. Kama huko hawapo, Jumatatu hamia huku. Studio ipo, na wapigaji wapo."

"Na nikiwapata huku?"

"Ukiwapata, na kazi ikapita, baki huko. Mimi nataka kusikia Ijumaa jioni, basi."

Kesho yake asubuhi nikaliona begi lake limetolewa chini ya kitanda, limewekwa juu ya kiti, mdomo wazi. Mimi si mtu wa kumshika mtoto mguu asiondoke. Nilifunga zipu, nikalirudisha chini ya kitanda, nikaenda mwaloni Kibirizi kwenye dagaa wangu.

Pale Kibirizi nikamtafuta mtu wa boti ya Mwamgongo, kijiji nilikoolewa. Nikamwambia, "Ukifika, mwambie shemeji yangu aje na zeze lake. Mwambie ni mimi ninayemwita. Na mwambie asilete maneno."

Zeze alileta. Na maneno alileta.

Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Zeze lake ni mti, nyuzi, na kibuyu anachokibana kifuani. Mdomo wake hauna wa kuubana. Alianzia barabarani.

"Shemeji! Kumbe upo? Nilisikia dagaa wamepanda bei, nikajua umekufa kwa furaha."

"Anza na shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Wewe mke wangu. Kaka aliniachia."

"Alikuachia kofia," nikamwambia, "na yenyewe haikukutosha."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akamwona mjukuu. "Na huyu ndiye mke wangu mdogo mwenye wanamuziki ndani ya sanduku? Wanakula nini humo?"

Mjukuu alikuwa amekwishaandaa stoo. Maikrofoni kaifunga kwenye mchi wangu wa kutwangia kwa kitambaa, mchi kausimamisha kwenye kinu, na kinu kakizungushia magunia. Kompyuta ilikuwa juu ya debe. Mzee akakalishwa kwenye kigoda, akavalishwa vile vyombo vya masikioni. Akasikiliza kwanza. Uso ukamkunjamana.

"Nani analia humu?"

"Ni fidla, Babu."

"Amefiwa?"

"Hapana, Babu. Ndivyo zilivyo."

Akapiga uzi mmoja. Hata mimi, ambaye sauti ninayoijua vizuri ni ya mizani, nilisikia kwamba fidla zile na zeze hazikukubaliana. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja huku wamenuniana.

"Babu, kaza uzi kidogo."

"Uzi huu nimeufunga kwa kipimo cha koo langu," mzee akasema. "Nikiukaza, koo nalo nilikazie wapi?"

Nikajua hapo ndipo safari imeishia, maana namjua. Lakini mjukuu hakubishana. Aligeukia kompyuta yake, akazishusha fidla zote, tarumbeta zote, kundi zima, mpaka zikaja kukaa pale alipo mzee. Mzee akapiga tena. Safari hii zilikaa pamoja. Akainua nyusi. "Hao wana adabu," akasema.

Basi akaonyeshwa picha, ili azoee. "Picha haimsubiri mtu, Babu. Mbuzi akinyoosha mkono kwenye ndizi, wewe gusa uzi mwembamba." Hilo alilishika upesi. Alisema mbuzi huyo anamfahamu, amekula naye. Lakini kupiga, alipiga vibaya. Kila uzi uliguswa kwa wakati wake na hakuna uhai uliotoka. Na mjukuu alikuwa na uso ule ule wa siku ya simu.

Hapa lazima nieleze. Zeze la kwetu halipigwi hewani. Hupigwa kwa mtu. Mpigaji humchagua mmoja aliyekaa pale, akamwimba: ukarimu wake kama anao, ubahili wake kama anao, na siku aliyoaibika, ambayo kila mtu anayo. Na aliyeimbwa hujibu. Asipojibu ameshindwa, na watoto watamwimba njia nzima mpaka kwake.

"Namwimba nani hapa?" mzee akauliza. "Mchi?"

Akaangalia magunia. Akaangalia debe. Kisha akaniangalia mimi, na mdomo ukamchanua.

Akaanza. Zeze likaamka pale pale, kama jogoo aliyemwagiwa maji.

"Shemeji yangu ana mkono wa birika eee! Alimpikia kaka yangu mgebuka, akampa kichwa, akasema mkia unakuja na boti ya kesho!"

"Mwongo!" nikasema. "Mkia uliula wewe, ulikuja bila kualikwa!"

"Bibi!" Mjukuu akasimamisha mashine. "Imeingia sauti yako."

"Na iingie. Ni kweli aliula."

Tukarudia. Akaimba kwamba sisi watu wa milimani tunanawa miguu kwa foleni, mguu mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Nikamuuliza yeye aliyezaliwa ziwani, mbona shingo yake hailijui ziwa hilo? "Bibi!" Tukarudia tena. Nikaharibu tena. Sikukusudia. Jibu la utani halipiti kichwani kwanza, linatoka lenyewe kama chafya.

Nikafukuzwa. Nilifukuzwa katika stoo yangu, nikakaa jikoni na sufuria zangu. Na kutoka jikoni nikalisikia zeze limelala tena, tiki, tiki, kama mtu anayehesabu magunia ya mwenziwe. Haukupita muda mjukuu akaja mlangoni.

"Bi mkubwa, rudi. Bila wewe hapigi. Lakini nakuomba, mdomo." Akageuka kurudi stoo. "Leo ni Alhamisi."

Nilijua ni Alhamisi. Nilijua na begi lilipo.

Nikarudi. Nikachukua ungo wa dagaa waliokuwa wanasubiri kuchambuliwa, mikono isikae bure, nikakaa juu ya gunia. Na yule mke mwenzangu, mwenye akili za kuzaliwa nazo, akamwambia mzee, "Babu, usiimbe shemeji. Hadithi ni ya mbuzi. Imba mbuzi."

Mzee akafikiri kidogo. Kisha nikaona jinsi macho yake yalivyowaka, nikajua nimekwisha. Maana akiimba shemeji, nitamjibu. Akiimba mbuzi, nikijibu nitakuwa nimekubali kwamba mbuzi ni mimi.

"Mbuzi alitoka milimani kuja kuolewa," akaimba, taratibu, macho kwangu, wala hapepesi. "Hajawahi kuliona ziwa, mbuzi wa watu. Boti ikayumba kidogo, kidogo tu, mbuzi akapiga kelele. Akatafuta pa kushika. Akashika sharubu za nahodha!"

Watu wa Mwamgongo wana hadithi hiyo tangu niolewe. Si kweli. Nilishika shati. Nahodha yule sharubu zake zilikuwa fupi, hazishikiki, mtu yeyote aliyemwona atakwambia. Maneno hayo yote yalinijaa kinywani, yakafika kwenye meno, nikayafungia hapo. Lakini mikono sikuwa nimeikataza. Ungo ukaruka. Chaa!

"Akazishika mpaka Mwamgongo!"

Chaa! Chaa!

"Nahodha analia, mbuzi analia!"

Nikapepeta dagaa wale kama nawaadhibu. Akiongeza tusi, naongeza mkono. Akinyamaza kusubiri, namsubirisha, kisha namtia moja kavu. Mzee akaacha hata kuangalia picha, na bado kila mbuzi aliponyoosha mkono, uzi mwembamba ulilia. Alipomaliza alikuwa anatoka jasho, na dagaa nusu walikuwa sakafuni.

Mjukuu alikuwa amefumba macho. Nikangoja kugombezwa.

"Bibi," akasema, "rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo hasira."

Nikamwambia hasira hairudiwi kwa kuombwa. Mzee akasema, "Hilo niachie mimi," na kwa kweli alinisaidia, na dagaa nusu waliobaki nao wakaenda sakafuni.

Ijumaa kutwa mke mwenzangu alishinda anachanganya. Alinivalisha vyombo vya masikioni nisikie. Zeze la mzee na sauti yake vilikuwa mbele. Fidla kaziweka nyuma, mbali, huzisikii, lakini akiziondoa unaona baridi. Ngoma za mashine kazitia chini kabisa, pale boti inapoyumba. Na ungo wangu ulikuwa miguu ya mbuzi. Kila alipotembea juu ya mbao za boti kwenda kuiba, alitembea kwa hasira yangu. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Sijaona ubaya." Yeye ananijua, akanibusu.

Jioni akatuma. Mtandao ulikuwa mzito, ukapanda kama mlemavu wa goti anayekwea mlima wa Mwanga kwenda sokoni, lakini ukafika. Kisha akakaa barazani na simu mapajani.

Mimi nikaingia chumbani. Nikavuta begi chini ya kitanda, nikafungua zipu, nikamimina maharage humo mpaka likajaa. Nikafunga. Mtu hawezi kusafiri na begi lenye maharage mpaka ayatoe, na maharage yana mwenyewe.

Jibu lilikuja Jumamosi wakati tunakunywa chai. Kazi imepita. Apunguze sauti ya upepo mwanzoni, na aendelee na safari zilizobaki za yule mbuzi, hapo hapo alipo. Akaruka, akamwaga chai. Akakimbia chumbani, nafikiri kutafuta kitambaa, nikasikia zipu ikifunguka. Kisha sauti yake:

"Bi mkubwa! Begi langu lina nini?"

"Maharage. Stoo imejaa muziki, nilikosa pa kuyaweka."

Maharage yamo mpaka leo.

Katuni ilipoonyeshwa kwenye televisheni, watoto wa mtaa huu waliishika ile sehemu ya sharubu siku hiyo hiyo. Wanaiimba wakipita kwangu, na wananiamkia vizuri kabisa kabla ya kuiimba. Nami siwezi kusema kitu, kwa kuwa anayeimbwa ni mbuzi.

Shemeji akaja kwa boti iliyofuata, hakuitwa na mtu. Alisimama mlangoni, kifua mbele, zeze begani.

"Shemeji! Nchi nzima imesikia! Na hukujibu hata neno moja. Umeshindwa mbele ya taifa!"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, kutoka stoo ikasikika: Chaa!

Mzee akageuka. Ungo wangu ulikuwa umening'inia msumarini, hapo hapo ukutani mbele yake, mkavu, hauna hata dagaa mmoja. Akautazama. Akaitazama mikono yangu, nilikuwa nimeikunja.

Nami nilikuwa sijui. Mke mwenzangu alikuwa amezikata zile hasira zangu moja moja, ndogo, kubwa, kavu, akazitia kwenye kinanda pamoja na fidla na tarumbeta. Sasa nimo humo na mimi. Kila pigo lina kidole chake.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mimi sijasema kitu," nikamwambia. "Ingia ukae. Kuna mgebuka kwa mawese."

"Mzima, au kichwa tu?"

Chaa! Chaa!