Gobore la Baba na Abee Yangu

Baba yangu, Matano, alikuwa na gobore lenye kibali, na Mtongwe nzima hapakuwa na nyani asiyelijua. Wakiingia kwenye mihogo, mlio mmoja tu, wote wametoweka! Sisi watoto tulirukaruka kwa furaha. Yeye masikio yalimlia ngiii mpaka jioni, akajisifu kwamba ndiyo dalili ya baruti nzuri.

Mwaka wa sitini nikageuka, kwa maneno yake, mtoto asiye na adabu. Akiniita, naitika abee. Anaita tena, naitika tena. Mara ya tatu huyo anakuja na fimbo, binti gani huyu haitiki? Niliona uchungu, na hasira nilikuwa nazo tele. Siku moja mama akasimama kati yetu.

"Ameitika mara tatu, baba Mwanarehema. Wewe ndiwe usiyesikia."

Baba akaketi chini, fimbo ingali mkononi. Kesho yake akavuka feri kwenda hospitali. Daktari akamwambia sikio la kushoto, lililokuwa karibu na mtutu kila alipolenga, limeumia na halitapona. La kulia lingali zima kidogo, lakini mlio mmoja bila kinga waweza kulimaliza. Ile ngiii ndiyo sikio kuumia. Pamba kavu haifai kitu. Atie sufi iliyokandwa na nta, na apige mara chache sana. Sauti za wanaume alizisikia bado. Yangu nyembamba ndiyo iliyompotea, ila labda pakiwa kimya na sikio la kulia likinielekea.

Tangu hapo hakuniita tena. Alinifuata nilipo, akanigusa bega. Aliogopa kuita asisikie jibu.

Ikafika siku ya Uhuru! Ngoma kila upande, bendera mpya, kanga mpya, na watu wakamtaka baba apige mizinga ishirini na mmoja. Akasema mitatu. Akakanda nta, akaziba masikio, akatufukuza tusimame mbali, viganja masikioni. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu! Wote wakanyamaza wakingoja wa nne. Baba akalilaza gobore chini, akatoa nta.

"Mwanarehema," akaita toka kule kule, sikio la kulia amelielekeza kwetu.

Nilitaka kupiga kelele, mama akanibana mkono, niitike kama siku zote.

"Abee, baba."

Machozi yakamlenga.

"Umeitika mara moja tu," akasema, "nami nimekusikia."