Jezi Mpya za Kambale na Pua ya Mfadhili

Fnyu! Fnyu-fnyu!

Hiyo ndiyo sauti. Mpaka leo nikiinama kwenye karai naisikia, pua ya mtu mzima, tena tajiri, ikivuta hewa mbele ya maikrofoni, na spika mbili tulizoazima kanisani zikaipeleka uwanja mzima, mpaka wale waliopanda ukutani kuchungulia bure wakaisikia. Jamani, mimi Nyamisi nimeshaaibika mara nyingi (nilishawahi kuanguka kwaya ikiimba, na mwongozaji nilikuwa mimi), lakini aibu ya siku ile ilikuwa na spika.

Niwaeleze kwanza kazi yangu. Mimi ni afisa masoko wa Kambale FC ya Musoma. Msishtuke na cheo. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja pale mtaa wa Mukendo, shule nimeishia kidato cha nne, na kazi nilipewa kwa sababu nilikuwaga nauza tiketi uwanjani kwa mdomo huu mpaka wenzangu wakawa wananiachia na zao. Lakini nina daftari langu, na humo nimechora basi la timu lenye kambale ubavuni, jukwaa lenye paa, na duka la jezi Bunda na lingine Butiama. Nikichora nafurahi, siwadanganyi, hata njaa naisahau.

Sasa ligi yetu hii mechi za ugenini ni siku mbili barabarani, wachezaji inabidi wale, walale, wapewe posho, na viingilio vya mlangoni vinaishia kwenye mafuta ya gari. Mwenyekiti wetu, mzee Magesa, alikuwa amechoka kutoa mfukoni kwake, akaniita ofisini, akavua kofia kwanza, nikajua kuna jambo.

"Binti yangu, kuna watu wa mkoa mwingine wanataka kununua nafasi yetu kwenye ligi. Wanachukua timu, wanabadilisha jina, wanahamia nayo kwao. Nimewazungusha weee, nimeshindwa. Tusipopata mfadhili wiki hii, nasaini."

"Na sisi tutashangilia nini, mzee?"

"Mtashangilia redioni," akasema, akaanza kuipangusa kofia.

Nikalia kidogo, kisha nikachukua simu. Kulikuwa na mkurugenzi mmoja wa kiwanda cha sabuni ya kufulia, Mwanza huko, sabuni inaitwa Weupe Pee, ambaye nilikuwa nimempigia mpaka mke wake akawa ananisalimia kwa jina. Safari hii akakubali. Atakuja Jumamosi, mechi ya nyumbani, kabla ya mpira kuanza tunamkabidhi jezi yenye jina la sabuni yake kifuani, anasaini mezani katikati ya uwanja, misimu mitatu. Mitatu! Usiku ule basi langu nililiongezea mapazia.

Jezi zikafika kutoka kwa fundi Alhamisi, nyeupe, nzuri, ila zina makunyanzi na zinanuka rangi ya kuchapia. Mzee Magesa akasema zifuliwe. Nikafungua bomba la ofisini, likakohoa, likanyamaza. Maji yamekatika. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya kauamuzi kangu kadogo, ambako hata leo nikikaangalia hakana ubaya: nikasema si nizipeleke nyumbani Kiriba, ziwa lote lile la nini?

Nikazifua vizuri, tena kwa sabuni yake mwenyewe, kwa heshima. Mawe yote ya ufukweni yalikuwa yamejaa nguo za watu, kwa hiyo nikazitandaza kwenye chanja za mama mdogo, zile nyavu zilizoinuliwa kwa miti za kuanikia dagaa. Dagaa walikuwa wameshaanuliwa! Na nikapangusa! Jua likapiga, zikakauka chap, nikazikunja, nikazitia kwenye gunia (lilikuwa la dagaa, sawa, lakini nililikung'uta mara tatu), likafungwa nyuma ya pikipiki mpaka mjini, na usiku likalala uvunguni kwangu. Nikanusa moja asubuhi. Sikusikia kitu. Jamani, mimi nimezaliwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nimenyonya mwaloni, kwangu mimi dagaa siyo harufu, ni hewa tu.

Wachezaji nao karibu wote ni watoto wa ziwani, wakavaa wakafurahi. Mmoja tu, kipa wetu Marwa, mtu wa Mugeta kwenye ng'ombe, akakunja uso.

"Dada Nyamisi, hii jezi ina samaki."

"Wewe umezoea samadi, utajua nini?" nikamjibu. "Vaa, mgeni anasubiri."

Wenzake wakamcheka. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu.

Tukatoka uwanjani. Cha kwanza nilichoona ni paka, wawili, wakakaa nyuma ya benchi letu kwa adabu kama wana tiketi. Nikasema bahati. Kisha mwewe akaanza kuzunguka juu ya mstari wa wachezaji, anashuka, anapanda, anashuka, na winga wetu akaanza kutazama juu badala ya kutazama mgeni rasmi. Mkurugenzi alikuwa mbaba mnene wa heshima, suti ya bluu, na bahasha ya mkataba mbele yake mezani. Nikamkabidhi jezi kwa magoti kidogo, akaiinua watu waone jina, makofi yakapigwa, akaishusha ikapita karibu na uso, na maikrofoni iko pale pale.

Fnyu! Fnyu-fnyu!

Akaiweka jezi mezani.

"Binti," akasema, na spika zikasema naye, "hizi jezi zimetoka kwa fundi au zimetoka kwenye mtumbwi?"

Kutoka kwenye ngazi za jukwaa mtu akapiga kelele, "Mwenyekiti! Sado moja ya dagaa bei gani?" na watu wakaanguka kwa kicheko, na mwewe, kama aliyekuwa anasubiri kuitwa, akashuka akakwangua bega la winga akaondoka na kipande cha kitambaa. Mzee Magesa akavaa kofia yake mpaka kwenye nyusi.

Ningenyamaza hapo, labda ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini mimi nina mdomo wa tiketi. Nikamwona mkurugenzi anarudisha kalamu mfukoni, nikaona timu yetu inapanda gari kwenda mkoa wa watu, nikanyakua maikrofoni.

"Ndugu wananchi, ni mpango! Tumezinukisha makusudi! Mkurugenzi anataka mshuhudie kwa macho yenu nguvu ya Weupe Pee!"

Mkurugenzi akanitazama. Watu wakashangilia. Ikaletwa karai, yakaletwa maji ya mama ntilie, na mche mmoja wa sabuni kutoka kwenye gari lake mwenyewe. Nikapiga magoti nikafua, mikono ikawaka, povu likapanda mpaka kwenye viwiko, nikasuuza, nikampa. Fnyu. Akatikisa kichwa. Nikafua tena. Fnyu. Mara ya tatu mama mdogo, ambaye alikuwa jukwaani na wenzake wote wa mwaloni, akashindwa kuvumilia.

"Nyamisi wee! Tia ndimu! Sabuni peke yake haitoi hiyo!"

Na wenzake wakaitikia kama kwaya, "Haitoiii!" Watu wazima wanaojua kazi yao, mbele ya simu hamsini zinazorekodi, na mwenye kiwanda amekaa palepale.

Akasimama taratibu, akafunga vifungo vya koti. "Mimi," akasema, "nauza sabuni. Miujiza siuzi." Akachukua bahasha yake, akaingia kwenye gari. Mechi yenyewe tulitoka sare, sikuiona, nilikuwa nimejificha chooni. Mzee Magesa alinikuta pale mlangoni, hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Wale watu wa mkoa mwingine watakuja Ijumaa."

Wiki ile nilikuwa napita njia za nyuma. Jumatano simu ikaita, namba ya mkurugenzi, nikapokea nikiwa nimefumba macho.

"Binti, umenifanyia nini?"

"Nisamehe baba, nilikuwa…"

"Ngoja. Wakala wangu wa Bunda ameishiwa mzigo. Wa Butiama naye ameishiwa. Wanasema watu wanakuja dukani wanaomba ile sabuni iliyoshindwa na dagaa. Kila mtu anataka akajaribu kwake."

Sikujua nicheke au nipige magoti. Hakutoa misimu mitatu, akatoa mzunguko mmoja tu wa ligi, ule uliobaki, ili aone, na mzee Magesa akawapigia wale watu akawaambia wasije Ijumaa, wasubiri mzunguko uishe. Tumepona nusu. Ila kwenye mkataba kuna vifungu viwili alivyoviongeza kwa mkono: afisa masoko asishike maikrofoni, na jezi zisianikwe mahali ambapo ziwa linaonekana. (Sasa Musoma hii, niambieni, ziwa halionekani wapi?) Na mimi nikajiwekea cha tatu, moyoni: kitu chochote kikienda kwa mfadhili, kwanza anuse mtu wa Mugeta, na akikunja uso, sicheki.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Mukendo peke yangu. Nyuma ya ofisi kuna upenyo kati ya kuta mbili, unaona mbingu tu, nikapigilia misumari, nikafunga waya, na kwa kuwa maji ya bomba yalikuwa yamerudi, nikafua jezi zote kwa sabuni na ndimu, nikazianika moja moja. Jioni zikawa zimekauka. Marwa alikuwa kwao, hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Nikachukua jezi yake, nikaifunika usoni, nikavuta hewa mpaka mbavu zikauma.

Sikusikia kitu.

Nikarudisha karai chini ya bomba, nikaifua tena.